Video za gemu: fremu 60 au 1080p?

Kuna swali ambalo nimeulizwa mara nyingi mno na vijana wanaorekodi gemu zao na kuziweka YouTube, na kila mara nimekuwa nikilijibu nusunusu, nikiwa mbioni. Leo nimeamua kuketi na kulijibu vizuri, kwa hesabu. Swali lenyewe ni hili: kama intaneti yangu au kompyuta yangu haiwezi kubeba vyote viwili, nichague picha yenye vitone vingi au mwendo wenye fremu nyingi? Yaani 1080p kwa fremu 30, au 720p kwa fremu 60?

Wengi huwa wameshajijibu kabla ya kuuliza. 1080 ni kubwa kuliko 720, kwa hivyo mambo yamekwisha. Hata hivyo 60 nayo ni kubwa kuliko 30, ila hiyo haiandikwi kwa herufi kubwa kwenye maboksi ya televisheni kule madukani.

Kwa wenye haraka, jibu fupi ni hili: ikiwa gemu yako ina mwendo wa kasi, chagua fremu. Wenye muda twendeni pamoja, kwa sababu jibu hilo lina masharti, na masharti ndiyo yenye faida.

Tuelewane maneno kwanza

Rezolusheni ni idadi ya vitone, au pikseli, vinavyounda picha moja. Picha ya 720p ina pikseli 1280 kwa upana na 720 kwa urefu, jumla 921,600. Ya 1080p ina 1920 kwa 1080, jumla 2,073,600. Kwa hivyo 1080p ina pikseli mara 2.25 ya 720p. Wengi hudhani ni mara moja na nusu kwa kuwa wanalinganisha 1080 na 720 peke yake, wakisahau kwamba picha inakua pande zote mbili.

Kasi ya fremu ni idadi ya picha unazoonyeshwa kila sekunde. Kwa fremu 30, kila picha hukaa machoni milisekunde 33 hivi. Kwa fremu 60, hukaa milisekunde 17 hivi.

Kasi ya biti ni kiasi cha data unachotumia kila sekunde kuzisafirisha picha hizo. Hiki ndicho chungu chenyewe. Rezolusheni na kasi ya fremu ni walaji wawili wanaopakua kwenye chungu kimoja, na chungu hicho hakiongezeki kwa sababu wageni wameongezeka.

Video ya 1080p kwa fremu 60 isiyobanwa kabisa, kwa biti 24 kila pikseli, ingehitaji karibu gigabiti 3 kwa sekunde. Kiwango kinachopendekezwa Twitch kwa kurusha video ya namna hiyo moja kwa moja ni megabiti 6 kwa sekunde. Maana yake data imebanwa mara 500 hivi. Unapobana kitu mara 500, lazima kuna kinachoachwa nyuma. Kazi yetu ni kuchagua kiwe nini.

Bei ya pikseli na bei ya fremu

Sasa hesabu niliyoiahidi. Tuzidishe pikseli za kila picha kwa picha za kila sekunde:

720p kwa fremu 30: pikseli milioni 27.6 kwa sekunde
720p kwa fremu 60: milioni 55.3
1080p kwa fremu 30: milioni 62.2
1080p kwa fremu 60: milioni 124.4

Tazama mistari miwili ya katikati. Imekaribiana sana. Kijana anayedhani kwamba akishuka hadi 720p atakuwa ameachia nusu ya video yake anakosea. Kazi ya kompyuta ni karibu ileile, ila imegawanywa kwa namna nyingine.

Ukitazama viwango ambavyo YouTube inapendekeza kwa video unayopakia, habari ni ileile. Kwa 720p ya fremu 30 wanataka megabiti 5 kwa sekunde, na kwa fremu 60 megabiti 7.5. Kwa 1080p ya fremu 30 wanataka megabiti 8, na kwa fremu 60 megabiti 12. Umeona? Kuongeza fremu mara mbili kunagharimu mara moja na nusu tu. Kupanda kutoka 720p hadi 1080p kunagharimu mara 1.6.

Kwa nini fremu mara mbili hazigharimu data mara mbili? Kwa sababu kodeki kama H.264, iliyochapishwa mwaka 2003 na ambayo bado inatumika kila mahali, haihifadhi kila picha nzima. Huhifadhi picha kamili mara chache, halafu katikati huandika mabadiliko tu: mraba huu umesogea kushoto kidogo, mraba ule umebaki pale pale. Kadiri picha mbili zinavyofuatana kwa karibu, ndivyo zinavyofanana, na ndivyo mabadiliko ya kuandika yanavyopungua. Fremu ya ziada katikati ya fremu mbili ni kama jirani anayekueleza habari ambayo tayari unaijua nusu yake. Hahitaji maneno mengi.

Basi bei zimelingana karibu: 7.5 kwa 8. Uamuzi unabaki kuwa wa kile unachokipata kwa bei hiyo.

"Lakini sinema ni fremu 24 tu!"

Hoja hii nimeisikia mara nyingi. Ni kweli, sinema imekuwa ikitumia fremu 24 kwa miongo mingi na hakuna aliyekufa. Tena mwaka 2012 filamu ya The Hobbit ilipotolewa kwa fremu 48, watazamaji wengi hawakuipenda. Walisema inafanana na mchezo wa kuigiza wa televisheni.

Tofauti iko kwenye kamera. Kamera ya sinema hufungua jicho lake kwa muda fulani kila fremu, na mtu anayekimbia huacha ukungu kidogo pale alipopita. Ukungu ule ndio unaounganisha picha moja na nyingine machoni mwako. Gemu haina jicho la kamera. Kadi ya grafiki huchora kila fremu kama kwamba dunia imesimama, kali kila pembe. Hata gemu zinazoongeza ukungu wa bandia huufanya kwa kubahatisha. Ukizionyesha picha kali kama hizo 30 kwa sekunde huku kamera ya gemu ikigeuka haraka, jicho halioni mwendo. Linaona kitu kikiruka kutoka hapa hadi pale.

Kuna jambo la pili. Anayetazama sinema ameketi kupokea hadithi. Anayetazama gemu, mara nyingi, anataka kujua ile kitu imefanywaje.

Ukumbi wa gemu na kijana wa Tekken

Niwape mfano ninaoujua kwa karibu. Kuna ukumbi mmoja wa gemu ambao huniita nikawasaidie mambo ya kompyuta. Mwenye ukumbi alianza kurusha mashindano madogo ya Tekken 7 moja kwa moja YouTube, na intaneti yake ya kupakia ilikuwa megabiti 5 kwa sekunde siku ikiwa njema. Ukiacha nafasi ya kupumua, ulikuwa unabaki na megabiti 3.5 za kutegemea. Kompyuta yenyewe ilikuwa ya zamani, haikuweza kurusha kwa mpangilio mmoja na kurekodi kwenye diski kwa mpangilio mwingine. Kilichorushwa ndicho kilichohifadhiwa.

Alikuwa ameweka 1080p kwa fremu 30. Nilipomwambia ashuke hadi 720p na kupanda hadi fremu 60, alikataa kata kata.

"Fundi, watu wakiona 720 watasema sisi ni watu wa zamani. Nani atatupa udhamini?"

Sikumlaumu. Alikuwa na biashara ya kulinda, na herufi HD zina heshima yake. Lakini mle ukumbini kulikuwa na kijana mmoja ambaye jambo hili lilikuwa zito zaidi kwake kuliko kwa yeyote. Alikuwa ameondolewa mapema kwenye mashindano ya Nairobi mwaka uliotangulia, na wenzake walikuwa wamemchangia nauli kwa M-Pesa ili ajaribu tena. Alichotaka ni kujua kwa nini alishindwa. Alikuwa akikaa usiku anatazama video za mapambano yake ya pale ukumbini, na hakuwa akiona kitu.

Kwa wasiocheza, wacha nieleze. Tekken hukimbia kwa fremu 60 kwa sekunde, na kila kitu ndani yake hupimwa kwa fremu. Ngumi ya haraka zaidi ya wahusika wengi hufika baada ya fremu 10, yaani moja ya sita ya sekunde. Adui akirusha pigo nawe ukalikinga, mara nyingi yeye huchelewa kurudi katika hali ya kawaida. Akichelewa fremu 10, ngumi yako ya fremu 10 itampata. Akichelewa fremu 9, atakukinga. Fremu moja ndiyo mpaka kati ya kumwadhibu na kumkosa. Namba hizo zinajulikana kwa kila pigo na wachezaji huzikariri. Kisichojulikana ni kidole chako mwenyewe kilichelewa kiasi gani siku ile, dakika ile, ukiwa na jasho mikononi. Hilo video tu ndiyo inaweza kukuambia.

Na video ya fremu 30 haiwezi. Inatupa picha moja katika kila mbili. Ukihesabu kutoka pigo la adui hadi jibu lako, hesabu yako inaweza kupotoka fremu moja mbele au nyuma, na tumeshaona kwamba fremu moja ndiyo kila kitu. Juu ya hayo, kwa megabiti 3.5 ile 1080p yake ilikuwa 1080p ya jina. Watu wakisimama, picha safi kama kioo. Wakianza kupigana, H.264 inaishiwa biti na picha inavunjika kuwa miraba miraba, na mikono, ambayo ndiyo tuliyotaka kuiona, inageuka uji.

Mwenye ukumbi alikubali tujaribu kwa wiki moja, kwa sharti kwamba wateja wakilalamika tunarudi. Hakuna aliyelalamika. Kijana alichukua video mpya ya 720p kwa fremu 60 na tukaketi naye. Kama hujui, ukisimamisha video ya YouTube kwenye kompyuta, kitufe cha nukta husogeza fremu moja mbele na kitufe cha mkato hurudisha fremu moja nyuma. Tulihesabu kwa kalamu na karatasi, pigo baada ya pigo.

Akisimama upande wa kushoto wa skrini, jibu lake lilifika kwa wakati. Akisimama upande wa kulia, lilichelewa. Fremu moja, mara nyingine mbili. Kwa video ya fremu 30, kuchelewa kwa fremu moja huonekana mara hii na kupotea mara ile, kutegemea ni picha ipi iliyotupwa. Ndiyo maana alikuwa anatazama usiku kucha bila kuona mpangilio wowote. Upande wa kulia maelekezo ya padi hugeuzwa, mbele huwa nyuma, na vidole vyake vilikuwa vimezoea upande mmoja tu.

"Kaka, kumbe si macho yangu, ni kidole gumba," aliniambia.

Alifanya mazoezi ya upande wa kulia peke yake kwa wiki kadhaa. Nairobi hakuleta kombe, nisiwadanganye. Alishinda mapambano mawili, akatolewa katika la tatu na mtu aliyemzidi. Lakini alirudi akijua ametolewa na nini, na waliomchangia nauli walimwona akipigana.

Picha mbovu iliyopendwa na dunia

Kuna video moja ambayo kila mpenzi wa gemu za kupigana ameiona. Ni ya mashindano ya Evo ya mwaka 2004 kule California, Street Fighter III: 3rd Strike. Daigo Umehara anamchezesha Ken, Justin Wong anamchezesha Chun-Li. Ken amebaki na uhai mwembamba kama uzi. Chun-Li anarusha shambulio lake kubwa lenye mateke 15, na kukinga kwa kawaida hakutamsaidia Ken kwa sababu hata mateke yaliyokingwa yangemmaliza. Daigo anayapangua yote 15, moja moja, kila moja kwa wakati wake kamili, kisha anashinda raundi ile. Ukumbi mzima unapiga mayowe.

Video iliyosambaa ni hafifu, pikseli zake unaweza karibu kuzihesabu. Sijasikia mtu akilalamika kwamba si 1080p. Wakati huo YouTube yenyewe haikuwepo, ilianza mwaka 2005, na hata ilipoanza video zake zilikuwa ndogo kama stempu. Ikaleta 720p mwaka 2008 na 1080p mwaka 2009. Fremu 60 zikangoja hadi mwaka 2014. Kwa miaka mingi tulipewa pikseli zaidi na zaidi huku mwendo ukibaki pale pale, na nadhani ndiko tulikopata mazoea ya kupima ubora wa video kwa namba moja tu.

Simu, televisheni na macho yako

Watazamaji wetu wengi wanatumia simu. Tufanye hesabu nyingine hapa.

Mtu mwenye macho mazuri huweza kutofautisha vitone 60 hivi katika kila digrii moja ya upeo wa macho yake. Skrini ya simu ya inchi 6.5 ikilazwa, picha ya video huwa na upana wa sentimita 12 hivi. Ishike sentimita 40 kutoka usoni na picha hiyo inachukua digrii 17 hivi za upeo wako. Gawanya pikseli 1280 za 720p kwa 17, unapata 75 kwa kila digrii. Yaani 720p kwenye simu tayari imefika mpaka wa jicho. Pikseli za 1080p zinakuja, zinalipiwa bando, na jicho halizioni.

Televisheni ya inchi 55 ukiwa mita mbili mbele yake ni habari tofauti. Inachukua digrii 34 hivi. Hapo 720p inatoa pikseli 38 kwa kila digrii, na 1080p inatoa 56. Tofauti inaonekana, na anayekuambia haionekani ana televisheni ndogo au kochi la mbali.

Kwa hivyo kabla ya kuchagua, jiulize anayekutazama ameshika nini mkononi.

Mwenye bando ndogo

Hapa kuna jambo ambalo wapenzi wa fremu 60, mimi nikiwa mmoja wao, hatupendi kulitaja. YouTube hutoa fremu 60 kuanzia 720p kwenda juu. Mtazamaji akishuka hadi 480p au 360p ili kuokoa data, anapata fremu 30, hata kama wewe ulipakia 60. Hapati 1080p yako wala fremu zako.

Mtu huyu ni wengi. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009 intaneti yetu ilibadilika kabisa, lakini anayenunua data kwa megabaiti bado anahesabu. Video ya megabiti 6 kwa sekunde hula gigabaiti 2.7 kwa saa. Ya megabiti 2.5 hula gigabaiti 1.1 hivi. Kwa mtu mwenye bando la siku, tofauti hiyo ni kutazama au kutotazama.

Kwake yeye msaada wako uko kwingine. Ongeza ukubwa wa maandishi katika mipangilio ya gemu. Ukihariri, vuta karibu pale penye jambo la maana badala ya kumwachia atafute mtu mdogo kama siafu kwenye kona ya skrini. Video ya 480p iliyopangwa hivyo itaeleweka kuliko ya 1080p iliyobanwa hadi 480p bila kufikiriwa.

Ukirusha kupitia Twitch, kuwa mwangalifu zaidi. Chaneli ndogo hazina uhakika wa kutengenezewa nakala za ubora wa chini. Ukirusha kwa megabiti 6, huenda watazamaji wako wote wakalazimika kupokea megabiti 6, na asiyeweza ataona gurudumu likizunguka tu. Kwa aliye na watazamaji ishirini, 720p kwa megabiti 3 au chini yake ni adabu nzuri.

Wakati ambapo pikseli zinashinda

Nisionekane kama muumini wa dhehebu moja. Kuna gemu ambazo nikiona mtu amechagua fremu 60 badala ya 1080p, namsikitikia.

Gemu za mikakati kama Civilization, ambapo skrini imejaa namba na ramani na hakuna kinachokimbia. Football Manager, ambayo kwa kweli ni jedwali lenye mashabiki. Sataranji. Hata mafunzo ya kuandika programu, ambayo ndiyo kazi yangu: msimbo hausogei, lakini mtu akishindwa kutofautisha nukta na mkato umempotezea siku nzima. Kwa video za namna hiyo fremu 30 zinatosha na zinabaki, na biti zote zilizookolewa ziende kwenye ukali wa herufi.

Kuna pia kundi la tatu, ambalo halipaswi hata kuuliza swali hili. Huwezi kurekodi fremu ambazo gemu haikuzichora. Simu nyingi za bei ya kawaida huchezesha PUBG Mobile kwa fremu 30 au 40. Ukirekodi hapo kwa fremu 60, unahifadhi picha zilezile mara mbili na unajidanganya kwa namba. Na wanaopenda gemu za kale wakumbuke kwamba PlayStation 2 za mfumo wa PAL, ambao ndio uliotumika kwetu, huchezesha gemu nyingi kwa 50 kwa sekunde. Ukizirekodi kwa 60, baadhi ya fremu zitarudiwa na mwendo utakuwa kama matatu yenye klachi mbovu. Hizo rekodi kwa 50.

Mashine nayo ina neno

Fremu 60 zinazoruka ni mbaya kuliko fremu 30 zilizotulia. Jicho husamehe mwendo wa polepole ulio sawa, lakini halisamehi mwendo unaokwama na kuruka. Ukitumia OBS, fungua dirisha la takwimu zake. Litakuambia fremu zilizopotea kwa sababu kadi ya grafiki ilizidiwa, zilizorukwa kwa sababu kubana video kulichelewa, na zilizodondoka kwa sababu ya mtandao. Hizo ni shida tatu tofauti na kila moja ina dawa yake. Ya kwanza, punguza mapambo ndani ya gemu. Ya pili, mwachie kazi ya kubana chipu maalumu, NVENC kwa kadi za Nvidia au Quick Sync kwa Intel, maana hata kompyuta za miaka ya 2012 na 2013 nyingi zinazo. Ya tatu, shusha kasi ya biti, na ikibidi shusha rezolusheni kabla hujagusa fremu.

Na kama hurushi moja kwa moja, usisahau kwamba diski haina foleni ya mtandao. Rekodi kwa ubora wa juu uwezavyo, kisha chagua ukubwa wakati wa kupakia. Video ya dakika 20 ya 720p kwa fremu 60 kwa viwango vya YouTube ni gigabaiti 1.1 hivi. Ya 1080p kwa fremu 60 ni gigabaiti 1.8. Tofauti hiyo ni ya kupakia usiku wakati umelala.

Kwa hivyo?

Gemu za kupigana, mbio za magari, kandanda na za kufyatua risasi: 720p kwa fremu 60 kwanza, na 1080p ije siku chungu kitakapoongezeka. Gemu za kufikiri na za kusoma: 1080p kwa fremu 30. Gemu iliyochorwa kwa 30: rekodi kwa 30 na ulale usingizi. Ukijaribu 1080p kwa fremu 60 juu ya megabiti 3.5, kila pikseli itagawiwa chini ya nusu ya biti ambazo ingepata kwa 720p, na wahenga walishasema kwamba mpanda farasi wawili hupasuka msamba.

Mwenye ule ukumbi sasa ana intaneti ya kasi na anarusha 1080p kwa fremu 60 bila kuniuliza. Amestahili. Ila mtandao ukisumbua siku ya mashindano, najua ni namba gani anaishusha kwanza, maana mimi hupigiwa simu kuelezwa tu, si kuombwa ruhusa.

Haya, tuonane tena. Rekodini salama.